Wosia: Kuwaambia Watoto au Kunyamaza?

Mzazi akishaandika wosia, hubaki na swali ambalo mara nyingi ni gumu kuliko lile la nani apate nini. Je, awaambie watoto alichoandika, au aufungie kabatini wausome akishazikwa? Wengi hunyamaza. Naona mara nyingi hukosea, lakini sababu zao si za kipuuzi, kwa hiyo tuanze nazo.

Kwanza, wosia si mkataba. Hauna nguvu yoyote mpaka mwenyewe afariki, na kabla ya hapo anaweza kuubadilisha au kuufuta kabisa maadamu ana akili timamu. Aliyetangaza kwamba nyumba ni ya kitinda mimba, kisha miaka mitatu baadaye akalazimika kuiuza ili ajitibu, ataonekana kama mtu aliyempokonya mwanawe kitu kilichokuwa chake. Maneno yakishatoka mdomoni hayarudi, ilhali karatasi huchanwa tu. Halafu kuna mtoto atakayeanza kukopa kwa kutegemea urithi ambao bado haujawa wake.

Pili, na hili ndilo lenye uzito zaidi kwangu, uzee humfanya mtu amtegemee mwingine. Mzee anayeogeshwa, anayelishwa na anayepelekwa hospitali na watoto wake ana kila sababu ya kuogopa kwamba atakayejua ameandikiwa kidogo ataanza kuja mara chache. Anaogopa pia kinyume chake: kwamba yule aliye karibu naye kila siku, akishajua hesabu ilivyo, atamsukuma taratibu mpaka hesabu ibadilike. Kwa wazee wengi wosia ndio uamuzi wa mwisho ambao bado uko mikononi mwao. Kuwataka waumwage hadharani ni kuwaomba waachie kitu cha thamani sana.

Historia nayo ina mfano unaoipa siri heshima yake. Alfred Nobel alitia saini wosia wake wa mwisho mjini Paris mwezi Novemba 1895, bila msaada wa mwanasheria, akafariki Desemba 1896. Sehemu kubwa kabisa ya mali yake ilikwenda kwenye Tuzo za Nobel tunazozijua leo. Ndugu zake waliachiwa kidogo, na baadhi yao wakaupinga wosia huo. Ragnar Sohlman, kijana wa miaka 26 aliyetajwa kuwa mmoja wa wasimamizi, hakuwa ameandaliwa kwa kazi hiyo, na taasisi zilizotakiwa kuteua washindi hazikuwa zimeulizwa. Suluhu na ndugu ilipatikana mwaka 1898, na tuzo za kwanza zikatolewa 1901. Mtu anaweza kusema kwamba Nobel angewashirikisha jamaa mapema, wangemlegeza, na tuzo zisingekuwepo. Inawezekana. Ila tusisahau kwamba wosia ule uliokolewa kwa sehemu kubwa na mpwa wake, Emanuel Nobel, aliyekubali kuheshimu matakwa ya marehemu ingawa yeye na wenzake walikuwa wanapoteza. Si kila ukoo una mtu wa namna hiyo.

Sasa upande wa pili. Mchukulie mama mwenye watoto watatu. Kifungua mimba anaishi mbali na kwa miaka mingi ametuma fedha za matibabu. Wa kati aliacha kazi akahamia kwa mama ili amuuguze. Wa mwisho alipewa mtaji mkubwa wa biashara mama alipokuwa bado na nguvu. Mama anaandika kwamba nyumba aichukue yule wa kati na kilichobaki kigawanywe. Ukimuuliza sababu, atakueleza kwa dakika tano, na hata asiyekubaliana naye ataona kwamba alifikiri.

Lakini hakuna aliyemuuliza. Wosia unasomwa wiki chache baada ya maziko, watu bado hawajapata usingizi wa kutosha. Kifungua mimba anasikia neno "nyumba" likifuatiwa na jina lisilo lake, na papo hapo anaanza kukumbuka kila shilingi aliyotuma. Wa mwisho anauliza swali moja tu: siku ile mama alipelekwa kwa wakili na nani? Jibu ni kwamba alipelekwa na yule wa kati, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwepo. Jibu hilo la kweli kabisa, lisilo na ubaya wowote, ndilo litakalokuwa msingi wa madai kwamba mama alishinikizwa. Miaka ya kumgeuza kitandani na kumpa dawa saa nane za usiku inageuka kuwa ushahidi dhidi ya aliyeifanya kazi hiyo.

Hapa ndipo ninapoelemea upande wa kusema. Hasira ya aliyepata kidogo haiepukiki, lakini lazima imwelekee mtu. Mzazi akiwa hai, inamwelekea yeye, na yeye anaweza kujibu, kusikiliza, hata kugundua kwamba alisahau jambo na kurekebisha. Akishafariki hakuna anayemkasirikia marehemu. Hasira yote inamwangukia ndugu aliyepata. Mzazi aliyenyamaza ili kukwepa ugomvi amewarithisha watoto ugomvi huo, na ameurithisha bila maelezo. Waswahili husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, maana watapatana tu. Kwenye mirathi mara nyingi hawapatani, kwa kuwa aliyekuwa na uwezo wa kuwapatanisha ndiye waliyemzika.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba maelezo huzuia kesi. Kuna shauri maarufu la Uingereza la mama aliyefariki mwaka 2004, akaacha mali ya takriban pauni 486,000 karibu yote kwa mashirika ya hisani, na kumnyima binti yake wa pekee ambaye walikosana tangu alipotoroka nyumbani akiwa na miaka 17. Mama huyo aliacha barua yenye sababu, na akawataka wasimamizi wapinge dai lolote la binti. Binti alidai hata hivyo, kwa sheria ya mwaka 1975 inayoruhusu wategemezi na watoto kuomba sehemu ya mali. Kesi ilipanda na kushuka mahakamani hadi 2017, pale Mahakama ya Juu iliporudisha uamuzi wa mwanzo wa kumpa pauni 50,000. Miaka 13, barua ikiwepo. Funzo ninaloliona hapo ni dogo lakini la kweli: maelezo hayamwondolei mtu haki aliyopewa na sheria. Ila pia walioshindana pale ni binti na mashirika ya hisani. Hapakuwa na undugu wa kuokoa kati ya pande hizo mbili, na undugu ndio ninaoujali.

Zipo sheria ambazo hupunguza uzito wa swali lote hili kwa kumfunga mzazi mikono. Ufaransa, mwenye mtoto mmoja hawezi kugawa apendavyo zaidi ya nusu ya mali. Mwenye wawili, theluthi moja. Mwenye watatu au zaidi, robo. Katika sheria ya Kiislamu wosia hauvuki theluthi, na mrithi hausiwi bila ridhaa ya warithi wenzake. Mafungu mengine yamekwisha kupangwa. Wapo wanaosema kwamba huko ndiko kwenye amani, kwa sababu hakuna cha kuficha. Kwa kiasi ni kweli: hakuna mtoto anayeweza kusema mama alimpenda fulani zaidi. Lakini ugomvi hauondoki, unahamia penye maswali mengine. Kile kiwanja kilichoandikwa jina la kaka miaka kumi iliyopita, kilikuwa zawadi au amana? Ule mtaji ulikuwa mkopo au sadaka? Mzazi pekee ndiye anayejua, kwa hiyo hata penye mafungu maalumu bado kuna la kusemwa.

Kwa hiyo aseme nini hasa? Si kila kitu. Kiasi kilichoko benki hakimhusu mtu mpaka wakati wake, na sioni kosa kwa mzazi kukifanya siri. Lakini kuwepo kwa wosia, mahali ulipo na jina la msimamizi ni mambo ambayo kuyaficha hakumlindi yeyote. Mwimbaji wa Marekani Aretha Franklin alipofariki Agosti 2018 ilidhaniwa hakuacha wosia. Mwaka uliofuata yakapatikana maandishi ya mkono nyumbani kwake: ya mwaka 2010 yakiwa kabatini, na ya 2014 ndani ya daftari lililokuwa chini ya mto wa kochi. Wanawe wakagawanyika kuhusu lipi ni wosia wake halisi. Baraza la wazee wa mahakama huko Michigan liliamua Julai 2023 kwamba ni lile la kwenye daftari. Majadiliano yao hayakufika saa moja. Kusubiri ndiko kulikochukua karibu miaka mitano.

Kuna pia mali ambayo haipiti kwenye wosia kabisa, na wengi hawalijui hili. Bima ya maisha na mafao ya uzeeni mara nyingi hulipwa kwa jina lililojazwa kwenye fomu, hata kama wosia unasema vingine. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la mwanaume aliyefariki miezi michache baada ya talaka, bila kubadilisha jina la mkewe wa zamani kwenye fomu za mwajiri. Watoto wake wa ndoa ya awali walidai fedha hizo wakakosa. Mazungumzo ya nusu saa na familia, fomu zikiwa mezani, yangeweza kugundua jambo hilo.

Halafu linakuja gumu zaidi: pale mgawo usipokuwa sawa. Hapo ningependa mzazi aanze na yule atakayepata kidogo, wawe wawili tu, kabla hajamwambia yeyote mwingine. Familia nyingi hufanya kinyume. Anayepata zaidi ndiye anayejua kwanza, kisha habari zinamfikia mwenzake kwa mlango wa nyuma, na hapo dhuluma inaonekana hata pale ambapo haipo. "Nyumba nampa dadako kwa sababu aliacha kazi kwa ajili yangu. Wewe nilikupa mtaji, nami sijausahau." Sentensi hizo zinauma, lakini kijana aliyezisikia kutoka kwa mama mwenyewe hatakuwa na pa kuanzia atakapotaka kumshuku dada yake. Baadaye waitwe wote, na sababu ziandikwe kwenye barua iliyowekwa pamoja na wosia.

Inabaki hali moja ambayo ningemshauri mzazi anyamaze bila kusita: pale ambapo mmoja wa watoto ana historia ya vitisho au ya kuchukua fedha zake. Usalama wake unatangulia amani ya familia. Lakini siri ya namna hiyo inahitaji maandalizi makubwa kuliko uwazi unavyohitaji. Tangu shauri moja la Uingereza la mwaka 1870, mahakama zinazofuata sheria ya huko huuliza kama mwandishi wa wosia alielewa anachokifanya, alijua kwa ujumla ana mali gani, alizingatia watu wenye haki ya kukumbukwa, na hakuwa na maradhi ya akili yaliyopotosha uamuzi wake. Majibu hayo yakusanywe angali hai: barua ya daktari ya siku hizohizo, wakili aliyemhoji akiwa peke yake, mashahidi wasiorithi chochote, na kwa vyovyote vile, siku ya kwenda kutia saini asipelekwe na mtoto yeyote kati ya wale watakaorithi.