Tulikaa Maskati miaka miwili bila kuijua Omani

Mtu wa Unguja akihamia Maskati, ugeni haumpati siku ya kwanza. Sisi tulipofika, mume wangu akiwa amepata kazi ya uhandisi, aliyetangulia kutugongea mlango alikuwa bibi mmoja wa jengo letu, mzaliwa wa Ng'ambo ya mji wa Unguja, mkononi ana sahani ya vitumbua. "Hujambo mwanangu? Kwenu wapi, mjini au shamba?" Machozi yalinilenga. Wiki ile ile nilishajua pa kununua unga wa sembe, na wanangu wawili wamepata wenzao wa kucheza nao kwa Kiswahili.

Anayejua historia hatashangaa. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830. Yakaja Mapinduzi ya 1964, wengi wakakimbia. Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 aliwaita Waomani waliotapakaa nje warudi, wakarudi kutoka Visiwani, Bara, Burundi na Kongo, wengine Kiarabu kinawapiga chenga. Hadi leo ukikaa kwenye foleni Maskati usishangae kusikia mtu nyuma yako anasema "shikamoo".

Nawaandikia wenzangu wanaohamia Ghuba na watoto wao: raha hii ilituchelewesha. Miaka miwili mizima, Ijumaa na Jumamosi tulizimaliza kwenye maduka makubwa yenye viyoyozi, au sebuleni kwa Waswahili wenzetu tukila pilau na kuulizana habari za nyumbani. Likizo ya mwaka ikija, tiketi nne za ndege, akiba imekwisha. Siku moja binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, aliambiwa shuleni achore nchi anayoishi. Alichora ghorofa, gari na duka. Nilimuuliza milima iko wapi, maana Maskati milima imekuzunguka kila upande. Akanijibu, "Huko hatujafika, mama."

Watu wazima tunapenda kusema "hapa tunapita tu". Nimelisema sana neno hilo, na sasa silipendi. Baba anapita, kwa sababu ana mkataba na anahesabu miezi. Mtoto anayeota meno ya ukubwani hapa hapiti. Huu ndio utoto wake, mwingine hana, na ukimfungia ndani ya jengo la wageni atakua hana kwao pawili: Unguja anakwenda mwezi mmoja kwa mwaka, na Omani haijui.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Misfat al Abriyeen, kijiji cha mawe na udongo kilichoning'inia ubavuni mwa mlima, mbele ya Nizwa. Mitende na migomba imepandwa kwa ngazi, na katikati unapita mfereji wa maji usiozidi mapana ya mkono. Huo ndio falaj. Omani ina mifereji kama hiyo ipatayo 3,000 inayofanya kazi, na mitano imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006. Maji hutolewa chini ya mlima au kwenye chemchemi, yakashuka kwa mteremko wenyewe, hakuna pampu.

Tulimkuta mzee amechutama penye njia panda ya mfereji. Ameshika jiwe lililofungwa kitambaa. Kumbe ndilo lango: akalichomoa upande mmoja, akaziba nalo upande wa pili, akasindilia kitambaa kwa vidole hadi maji yakaacha kuvuja. Kiswahili hakukijua hata neno. Nikatazama huku na huku kutafuta wa kututafsiria, na hapo binti yangu akafungua mdomo kwa Kiarabu chake cha shuleni, kilichovunjikavunjika, akamuuliza kwa nini ameyafunga maji. Mzee akamweleza taratibu kwamba kila shamba lina zamu yake, na zamu hupimwa kwa athar, yaani nusu saa. Zamani mchana walitazama kivuli cha jua, usiku wakatazama nyota. Kisha akampa lile jiwe alishike. Tulipoondoka kiganja chake kilikuwa bado kimelowa, na hakutaka kukifuta.

Maskati binti yangu asingeuliza swali lile kwa Kiarabu. Daima angekuwepo mtu wa kumsaidia kwa Kiswahili.

Tangu hapo tunatoka mara mbili kwa mwezi, na wala hatuna fedha za hoteli. Tumewaiga Waomani wenyewe: mkeka, sufuria la wali, chupa ya kahawa, mnaegesha chini ya mgunga mnakaa. Mlimani Jabal Akhdhar tumepanda mara moja tu, kwa sababu polisi wa pale chini hawakuruhusu kupanda bila gari la kuvuta magurudumu yote manne, na sisi letu tuliazima. Salala, kilomita kama 1,000 kutoka Maskati, tulikwenda Agosti wakati wa kharif, msimu wa mvua wa huko. Manyunyu, ukungu, madafu na mapapai kando ya barabara. Mwanangu mdogo aliuliza kama tumerudi Unguja.

Jambo moja nalisisitiza kwa wazazi: wingu likionekana mlimani, msiingie bondeni, hata kama mlipo jua linawaka. Maji huteremka ghafla, na yameua watu wengi. Karibu na Rustaq tulisimama muda wa saa tatu upande mmoja wa barabara huku maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita mbele yetu na magogo. Nyuma yetu magari yakajipanga. Haukupita muda, wanaume wa gari la pili walitandika jamvi wakatuita, tende kwanza, kisha kahawa ya iliki katika vikombe visivyo na mkono. Nilinywa kikombe cha nne kwa heshima mpaka mama mmoja aliponionyesha: ukitosheka, kitikise kikombe kidogo ndipo unakirudisha. Miaka miwili nchini, jambo dogo namna hiyo sikulijua.

Lakini safari iliyonigusa kuliko zote ni ya Sur. Kule bado wanaunda majahazi ufukweni, na pameinuliwa jahazi kubwa la Fath al Khair, lililoundwa hapo hapo mwaka 1951. Mbao zile, harufu ile ya mafuta, nimeijua tangu utotoni Nungwi. Vyombo vya Sur vilikuja kwetu na kaskazi vimebeba tende na chumvi, vikarudi na kusi vimebeba boriti za mikoko. Vilibeba na watumwa. Binti yangu aliuliza, na sikumficha. Nilimwambia kwamba bahari hii imetuletea lugha yetu, ndoa zetu na vilio vyetu, na kwamba katika ukoo wake wamo waliokuja kwa hiari na wamo waliochukuliwa kwa nguvu. Alinyamaza muda mrefu. Kuna mambo ambayo mtoto anapaswa kuambiwa na mzazi wake, palepale yalipotokea, na nashukuru tulifika pamoja.

Fundi mmoja aliyekuwa akipigilia misumari alimwona ameganda. Akamwuliza ametoka wapi. "Zanjibar," akajibu, kisha akauliza kwa Kiarabu, sasa kimenyooka kidogo, kwenda huko ni siku ngapi.

Fundi aliweka nyundo chini, akatazama bahari kama anayeisikiliza, akamwambia inategemea upepo.