Anayetania Msibani Ashike na Beleshi

Jioni ya mazoezi ya mwisho, ubao uligoma. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu katika ukumbi wa idara ya sanaa za maonyesho ya chuo kikuu kimoja kaskazini mwa Uingereza, mgeni niliyealikwa kutazama na kutoa maoni. Wanafunzi walikuwa wanaandaa Oh, What a Lovely War, tamthilia ya nyimbo na vichekesho kuhusu Vita Kuu ya Kwanza. Jina lake ukilileta kwa Kiswahili linakuwa kama kusema "Vita tamu hii!" Nyuma ya waigizaji, juu, kwenye ubao huo, hupita maandishi ya taa yanayotaja jina la pigano, tarehe, idadi ya watu waliopotea na ardhi iliyopatikana, ambayo mara nyingi ni hakuna. Kijana wa mitambo alihangaika na kompyuta yake kama dakika kumi hivi, mwisho mwalimu akasema tuendelee bila ubao.

Wakaendelea. Wakafika kwa Jenerali Haig, kamanda wa majeshi ya Uingereza huko Ufaransa, aliyesimama wima akiahidi ushindi na kumshukuru Mungu kwa kuwa upande wake. Tulicheka. Kijana aliyemwigiza alikuwa na kipaji, alijua kunyanyua kidevu na kumeza maneno. Tatizo ni kwamba tulicheka tu, na tukaendelea kucheka hadi wimbo uliofuata. Siku mbili nyuma nilikuwa nimeona sehemu hiyohiyo ubao ukiwaka, na kabla kicheko hakijaisha nilijikuta nasoma hesabu ya maiti. Bila ubao, mbele yangu kulikuwa na watoto wazuri waliovaa suti nyeupe wakimdhihaki mzee aliyekufa zamani.

Nimelifikiria tukio lile muda mrefu, kwa sababu hoja ya wanaoipinga kazi hii na hoja ya wanaoitetea zote zilikuwa ndani yake.

Tamthilia hii ilichezwa kwa mara ya kwanza Machi 1963 katika Theatre Royal ya Stratford, mashariki mwa London, na kikundi cha Theatre Workshop chini ya Joan Littlewood. Mbegu yake ilitoka redioni. Charles Chilton, mtayarishaji wa BBC, alikuwa amekusanya nyimbo walizoimba askari wenyewe kwenye mahandaki. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1918 akiwa na miaka 19, Charles akiwa mtoto mchanga. Alipokuwa mtu mzima alikwenda Arras, Ufaransa, kutafuta kaburi. Hakulikuta. Alikuta jina, limechongwa ukutani pamoja na majina mengine karibu 35,000 ya watu ambao makaburi yao hayajulikani. Unaweza kusema kazi nzima imetoka kwenye ukuta ule.

Littlewood aliikataa kaki. Hakutaka waigizaji wavae sare za jeshi, akawavika kama machale wa maonyesho ya ufukweni ya enzi zile: suti nyeupe pana zenye vifundo vyeusi kifuani, na kofia ya chuma juu yake pale inapohitajika. Ukikaa karibu na jukwaa unaona jinsi mavazi hayo yanavyofanya kazi. Mwanafunzi wa kwanza kufa alianguka, akalala kidogo, akainuka kuimba wimbo unaofuata akiwa na vumbi la jukwaa kwenye goti jeupe. Vumbi lile lilibaki pale jioni nzima. Kaki ingelificha.

Shtaka la kwanza katika kesi dhidi ya kazi hii linahusu historia yake. Januari 2014, Uingereza ikijiandaa kuadhimisha miaka mia tangu vita kuanza, waziri wa elimu wa wakati huo, Michael Gove, aliandika gazetini kwamba tamthilia hii pamoja na vichekesho fulani vya televisheni vimewafundisha Waingereza kuiona vita ile kama upuuzi ulioendeshwa na vigogo wasiojua lolote. Ni rahisi kumpuuza kwa kuwa alikuwa mwanasiasa, lakini wapo wanahistoria makini wanaosema jambo la jirani na hilo. Gary Sheffield ameeleza kwa miaka mingi kwamba vita ilikuwa msiba mkubwa lakini haikuwa ya bure, na kwamba jeshi la Uingereza la mwaka 1918 lilikuwa limejifunza sana kuliko lile la 1916. Mashambulizi yaliyoanza Amiens Agosti 1918 ndiyo yaliyoifikisha Ujerumani kwenye kuomba amani. Hayo huyaoni jukwaani. Unachokiona karibu na mwisho ni askari wa Kifaransa wakienda mbele huku wakilia kama kondoo.

Hapo napata shida na mimi. Askari aliyekwenda kwa hiari yake, na Waingereza walioingia jeshini kwa hiari kabla ya sheria ya lazima ya 1916 walikuwa karibu milioni mbili na nusu, ana haki ya kukumbukwa kama mtu aliyekuwa na sababu zake. Ukimfanya kondoo umemwondolea akili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayekutana na vita ile kwa mara ya kwanza kupitia jukwaa hili anaweza kutoka akidhani mamilioni ya watu walikuwa wajinga kuliko yeye. Chuo kikuu hakipaswi kukubali atoke hivyo.

Walinzi wa kazi hii nao wana jibu, na kwangu ni zito zaidi: dhihaka ile haikubuniwa na Littlewood. Ilitengenezwa na walewale waliokuwa wanakufa. Ndio waliochukua tenzi za kanisani na kuziwekea maneno ya chawa, rumu na kutamani kurudi nyumbani. Katika ibada ya jeshi, jukwaani, kasisi anahubiri na askari wanaimba tenzi hizo kwa sauti nzuri na maneno mapya. Anayesema kicheko hicho kinawadhalilisha marehemu inabidi kwanza awanyang'anye marehemu nyimbo zao.

Na vichekesho vyenyewe vina kazi. Katika sehemu ya kwanza, mwanamke anapanda jukwaani kama mwimbaji wa ukumbi wa starehe na kuwatongoza wanaume waingie jeshini. Ni wimbo mtamu. Usiku nilioutazama, wavulana wawili wa safu ya nyuma walikuwa wanapiga makofi kwa mdundo. Dakika chache baadaye sajenti anawapigisha kwata makuruta wenye mikongojo badala ya bunduki, kwa ukelele ambao karibu hakuna neno lake linaloeleweka. Wale wavulana walikuwa bado wanacheka. Hakuna mhadhara unaoweza kukuonyesha hivyo jinsi watu walivyobebwa na furaha ya Agosti 1914, kwa sababu kwa dakika tatu umebebwa na wewe.

Sisi tuliojifunza sanaa za maonyesho tukianzia na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein tumezoea kuona vita jukwaani ni msiba mtupu. Nilipomweleza mwenzangu mmoja wa Dar es Salaam kwamba nimekwenda kutazama vichekesho vya vita, aliguna. Lakini kwetu kicheko mbele ya maiti si kitu kigeni. Mtani akifika msibani huja na vituko vyake. Anaigiza alivyotembea marehemu, anaweza kuliingia kaburi na kulala akidai apewe kwanza kitu ndipo atoke, na waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka na machozi yao. Hakuna anayemwambia mtani hana adabu. Ila mtani huyohuyo ndiye unayemkuta anachimba, anabeba maji, anapika. Utani wake umelipiwa kwa kazi. Mpita njia akisimama barabarani na kumwigiza marehemu atapigwa.

Hiyo ndiyo mizani niliyotoka nayo, na kwayo jioni ile ya ubao uliogoma inaeleweka. Nyimbo ni utani wa waliochimba. Ubao wa hesabu ndiyo beleshi la kizazi kilichofuata, kazi ya kuhesabu iliyofanywa na watu kama Chilton ambao hawakuwepo vitani. Idara inayoweka jitihada zote kwenye kucheza na kuimba, halafu ikauchukulia ubao kama pambo la mafundi mitambo, imejivika haki ya mtani bila kushika beleshi. Siku ya kwanza ya pigano la Somme, Ufaransa, tarehe 1 Julai 1916, jeshi la Uingereza lilipata majeruhi na wafu 57,470, na 19,240 kati yao walikufa. Mwigizaji wa Haig anapaswa kuijua idadi hiyo kama anavyojua mistari yake, ili ajue ananyanyua kidevu mbele ya nini. Na akishaijua, amsome Sheffield pia, aelewe kwamba anayemwigiza alikuwa mtu aliyekosea na aliyejifunza. Nadhani atachekesha zaidi, maana mtu halisi anachekesha kuliko katuni.

Sababu za kiutendaji zinazofanya vyuo viipende nitazipita haraka, ingawa ndizo zinazoamua mara nyingi: inabeba waigizaji wengi au wachache, wasichana wanapata kazi ya kutosha, hakuna nyota mmoja anayewafunika wenzake, na mavazi hayahitaji bajeti ya kutisha.

Kuna jambo moja ambalo kwa msomaji wa Kiswahili haliwezi kupitwa haraka. Vita ile ilipiganwa kwetu pia, tangu Agosti 1914 hadi Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipoweka silaha chini Abercorn, Mbala ya Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Ilibebwa vichwani. Wapagazi waliochukuliwa upande wa Waingereza na washirika wao walifikia kama milioni moja, wengi kwa kulazimishwa, na waliwamaliza zaidi kuhara damu, vichomi na njaa kuliko risasi. Ugogo, mifugo na chakula vilipokwisha kuchukuliwa na majeshi ya pande zote mbili, ilifuata njaa ambayo bado ina jina lake, Mtunya. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi lililolainishwa na ndimi zetu, na watu hununua vitunguu pale kila siku.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa 1927, ina maandishi yanayoahidi kwamba ukifa kwa ajili ya nchi yako watoto wako watalikumbuka jina lako. Yamo na ya Kiswahili. Jina la mtu halimo hata moja. Chilton alikwenda kutafuta kaburi akakuta jina, na jambo hilo lilimchoma kiasi cha kuzaa tamthilia. Mjukuu wa mpagazi wa Dodoma angekwenda wapi?

Nililisema hili kwenye mazungumzo baada ya mazoezi, na ukazuka ubishi mzuri. Msichana mmoja alitaka waongeze mstari kwenye ubao kuhusu wapagazi. Mwalimu akapinga: tamthilia ina wenyewe, chuo kinacholipia kibali hakiongezi maandishi kwa kupenda. Mwingine akasema kuongeza mstari mmoja kungekuwa kujisafisha, Afrika ipite sekunde nne kisha turudi Ufaransa. Nilikubaliana na wote watatu kwa zamu, na mwisho nikaegemea kwa huyu wa mwisho. Kazi iliyozaliwa na ukuta wa Arras iachwe izungumzie Arras. Wetu wanahitaji jukwaa lao, wakiwa na nyimbo zao.

Na nyimbo zipo. Kijana wa mitambo, ambaye alikuwa bado anakunja nyaya, aliniuliza wapagazi waliimba nini. Nikamweleza beni: ngoma iliyotoka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenezwa bara na askari na wapagazi wakati wa vita, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana kwa tarumbeta, gwaride, sare na vyeo vya kujipa, hadi Kingi na Jenerali. Watu waliopigishwa kwata mchana waliicheza kwata ileile jioni, wakachekana. Alisimama na waya mkononi. Akauliza kama hiyo imewahi kuwekwa jukwaani kama kisa cha vita, chenye ubao wake na hesabu zake. Nikamwambia mimi sijawahi kuiona hivyo.

Usiku wa kwanza wa onyesho ubao ulifanya kazi. Nilikuwa upande wa kulia, karibu na mlango, na badala ya jukwaa nikawa natazama nyuso za watu. Haig alinyanyua kidevu, wakacheka, kisha macho yao yakapanda juu mstari kwa mstari, yakifuata tarakimu, na bendi ikaanza wimbo mwingine kabla hawajamaliza kusoma.