Sumukuvu: kuzuia mahindi mpakani kunamlinda nani hasa?

Machi 5, 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, sababu waliyotoa ni sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus anayeota kwenye mahindi. Malori yakakwama Namanga, na haikupita hata wiki zuio likalegezwa kwa masharti, muagizaji asajiliwe na mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi maikrogramu 10 kwa kilo. Mpaka leo watu wanabishana, kuna wanaosema ile ilikuwa afya, kuna wanaosema ilikuwa biashara tu.

Upande wa Kenya una uzito jamani. Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na maeneo ya jirani watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu hiihii. Inashambulia ini, mtu anageuka macho ya njano, dawa ya kuiondoa mwilini hakuna, na kupika hakusaidii, songa ugali uive unavyotaka sumu bado imo. Afu ukila kidogo kidogo kwa miaka ndo unajiweka kwenye hatari ya kansa ya ini, hasa kama una virusi vya homa ya ini B. Nchi iliyozika watu hivyo siwezi kuilaumu kwa kupima mahindi.

Lakini mahindi yaliyoua 2004 hayakupita mpaka wowote, yalilimwa hukohuko yakahifadhiwa na unyevu. Na 2016 ikatokea Dodoma na Manyara, watu kama 20 wakafariki. Hapa ndo hoja ya mpaka inaniishia nguvu, manake mtu aliye kwenye hatari kubwa zaidi hanunui mahindi ya lori, anachota kwenye kihenge chake, na hakuna afisa anayempimia. Na gunia likikataliwa mpakani linaenda wapi? Kama halijaharibiwa rasmi, bei itashuka mpaka apatikane wa kulichukua, atasaga au atatengeneza chakula cha mifugo, na ng'ombe akila hiyo sumu inatokea kwenye maziwa, yani tumeihamisha tu.

Kuvu anaanzia shambani, ukame ukipiga wakati mahindi yanabeba na wadudu wakatoboa magunzi anapata njia, halafu tunamalizia wenyewe kwa kuanika chini kwenye udongo. Ipo Aflasafe, ina kuvu wa jamii hiyohiyo ila wasiotoa sumu, unamwaga kilo 4 kwa eka wiki mbili tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, wanamzidi yule mbaya nafasi. Inafanya kazi, ila ni gharama, na sokoni hakuna anayekuongezea hata shilingi kwa mahindi safi.

Kwangu mimi kiwango cha 10 kibaki na vipimo viendelee, ila hela ya kwanza iende kwenye maturubai, vipima unyevu vijijini na kununua mahindi yaliyokataliwa ili yaharibiwe. Na bei ifuate ukavu. Sasa hivi mkulima wa Kiteto akianika mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13, jirani yake aliyeleta mabichi anaondoka na hela nyingi zaidi kwa sababu mzani unahesabu na maji, sasa msimu ujao nani atahangaika kuanika?