Mildred Blount hayumo kwenye majina

Juzi usiku nilikaa niangalie tena Gone with the Wind, ile filamu ya 1939, majina ya mwanzo yalipokuwa yanapita nikaisimamisha. Wameandika kofia za Scarlett O'Hara, yule mhusika mkuu, ni za John Frederics. Basi, hakuna zaidi. Mildred Blount aliyezifanyia kazi hayumo, nikazima kabisa.

Huyo John Frederics wala si mtu, ni mabwana wawili, John na Frederic, waliounganisha majina yao wakayaweka kwenye duka lao New York. Mildred alikuwa fundi wao. Binti mweusi wa Edenton, North Carolina, kazaliwa 1907, alianza kwa kutumwatumwa kwenye duka la magauni na kofia, kazi akaipata kwa kuangalia wenzake. Na mwaka huohuo wa 1939, kwenye maonyesho makubwa ya New York, zikawekwa kofia zake ndogondogo alizotengeneza kwa kufuata mitindo ya kuanzia 1690 mpaka 1900, yaani miaka mia mbili na ushee ya kofia anayo yeye kichwani, sasa filamu ya enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861, ungemtafuta fundi gani mwingine jamani?

Nitaambiwa biashara ndivyo ilivyo, lebo ni ya mwenye duka. Haya, na nakubali zama zile milango mingi asingefunguliwa kabisa. Ila mshahara unalipia kazi, haulipii jina la mtu.

Inaniuma kwa sababu bibi yangu Unguja alikuwa anashona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono, moja inakula miezi, anashona usiku mpaka macho yakamharibikia, na aliyekuwa anazinunua kwa bei ya chini ndiye watu walimjua. Siku moja harusini mtu anasifia kofia aliyoivaa, anataja duka alilonunua, bibi kakaa pale pale anaitazama, mshono wake anaujua, na hakusema neno.

Mildred angalau alitoka. Agosti 1942 kofia yake ikawa kwenye jalada la Ladies' Home Journal, 1943 akapewa ufadhili wa Rosenwald, mfuko uliosaidia Wamarekani weusi, Marian Anderson yule mwimbaji alivaa kofia zake, halafu akafungua duka lake mwenyewe California. Amefariki 1974, na kila filamu ile ikiwekwa, linapita jina lilelile la mabwana wawili.