Kodi ya majengo Mtwara inahesabu ngazi, haihesabu mtaa

Nyumba ya chini iliyoko Shangani, yenye kiwanja kipana na upepo wa bahari mlangoni, inalipa kodi ya majengo shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba vitatu kule Naliendele, ambako mwenye nyumba bado anapiga lipu ukuta mmoja kila msimu wa korosho, inalipa 1,500 hiyo hiyo. Ukija Chikongola ukakuta nyumba ya ghorofa waliyorithi ndugu wanne, hapo kodi ni 7,500 kwa kila ghorofa. Kwa hiyo wanaosema kodi hii haibagui wanakosea. Inabagua, ila kinachoangaliwa ni ngazi. Mtaa hauna habari nao.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Sheria ya mwaka 1983 ya kodi ya majengo ya serikali za mitaa ililenga thamani: mthamini apite, nyumba ziingie kwenye daftari, halmashauri ipange asilimia. Kazi hiyo ilikuwa nzito na nyumba nyingi mijini hazikuthaminiwa. Mwaka 2016 ukusanyaji ulikwenda Mamlaka ya Mapato (TRA), baadaye vikaja viwango mfuto, yaani kiasi kimoja kwa wote bila kujali thamani, na Agosti 2021 kodi ikaunganishwa na LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila ghorofa. Julai 2023 vikapanda hadi hivi vya sasa. Kwa mwaka ni 18,000 na 90,000.

Wanaotaka mitaa itofautishwe wana hesabu rahisi mkononi. Tuseme nyumba ya Naliendele ina thamani ya milioni 20 na ya Shangani milioni 300. Wa kwanza anatoa asilimia 0.09 ya thamani ya nyumba yake, wa pili asilimia 0.006. Mwenye kidogo anabeba mara kumi na tano ya mzigo wa mwenye kingi. Na thamani ya Shangani haikuletwa na mwenye nyumba peke yake. Eneo lile lilipangwa vizuri tangu enzi za mkoloni, wakati mradi wa karanga ulipoujenga mji huu kwa bandari na reli. Viwanja vikubwa, barabara zilizonyooka. Reli iling'olewa zamani, lakini mpangilio ule ulibaki, na anayenunua nyumba pale leo analipia pia kazi iliyofanywa kwa fedha za umma.

Isitoshe, serikali yenyewe inajua kutofautisha. Kodi ya pango la ardhi, ile ya wenye viwanja vilivyopimwa, hutozwa kwa mita ya mraba na kiwango hubadilika kulingana na eneo na matumizi. Kama kiwanja cha Shangani kinaweza kuwa na bei yake, sioni kwa nini nyumba iliyo juu yake ishindikane.

Lakini upande wa pili si wa kupuuza, na hapa Mtwara una nguvu kuliko miji mingine. Wengi tunakumbuka miaka ya msisimko wa gesi asilia. Kati ya 2011 na 2013 bei za viwanja na pango zilipaa. Wageni walikuwa wanakuja, hoteli zinajengwa, kila mwenye kipande cha ardhi anajiona tajiri mtarajiwa. Kisha shughuli zikapoa. Daftari la uthamini lililoandikwa wakati ule lingewatoza watu kodi ya ndoto. Kusahihisha daftari nako si jambo la mwaka mmoja: Nairobi iliendelea kutoza kwa daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa karibu miongo minne. Uthamini usiohuishwa unazaa dhuluma nyingine, na kwa nyumba inayolipa 18,000 kwa mwaka, gharama ya kumleta mthamini inaweza kula kodi ya miaka kadhaa.

Halafu kuna sifa moja ya kiwango mfuto ambayo wasomi wa kodi huipita haraka: hakina mazungumzo. Hakuna ofisa wa kukwambia nyumba yako ni ya daraja hili, ila mnaweza kuelewana. Mita ya LUKU haielewani na mtu.

Mikindani, mji mkongwe wa manispaa yetu, ndiyo inayonifanya nisikubali thamani ya soko iwe kipimo pekee. Zile nyumba kuukuu za mawe ya matumbawe zina thamani kubwa machoni pa mwekezaji wa utalii. Anayeishi ndani anaweza kuwa mjane wa miaka hamsini na tano anayeuza samaki. Sheria inamsamehe mzee wa miaka 60 na zaidi kwa nyumba anayoishi, na nyumba za tope na tembe nazo zimesamehewa, lakini mjane huyu hayumo kote kuwili. Na kama nyumba yake ina ghorofa, hata iwe imepasuka, leo hii anadaiwa angalau mara tano ya yule wa Shangani. Ubovu wa mfumo wa sasa na hatari ya mfumo mpya vinakutana kwenye mlango wake.

Mimi naegemea madaraja ya maeneo pamoja na ukubwa wa jengo, bila kuthamini nyumba moja moja. Freetown, Sierra Leone, ilianza mwaka 2020 kutoza kwa pointi: eneo la jengo, paa, barabara inayofika, vitu vinavyoonekana kwa macho na kwa picha za satelaiti. Manispaa ya Mtwara-Mikindani si kubwa kiasi cha kushindwa hilo. Naliendele ibaki 1,500. Nyumba kubwa za ufukweni Shangani zifike hata 4,500. Ngazi iache kuwa kosa. Mpaka wa daraja ufuate mtaa, usifuate kata, maana ndani ya kata moja nyumba ya pwani na ya nyuma kabisa hazifanani.

Linalonitia shaka ni LUKU yenyewe. Kodi ni ya mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa 1,500 watu wamenung'unika kidogo wakaacha. Kwa 4,500 kila mwezi, nani atamfuata nani? Mpangaji anayeanza kudai fidia anaweza kuambiwa nyumba ina mpangaji mwingine mwezi ujao. Deni lisipohamia kwenye jina la mwenye hati, kupandisha daraja la Shangani kutampandishia gharama mwalimu aliyepanga pale, huku mwenye nyumba yuko Dar es Salaam na hana habari.