Clayface ndiye adui ninayemwamini kuliko wote wa Batman

Ikitajwa Batman: The Animated Series, katuni iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1992, sifa za adui bora humwendea Mr. Freeze. Anazistahili. Lakini adui ninayemwamini zaidi mle ndani ni Clayface, na michoro imechangia kuliko maneno.

Kabla ya kuwa Clayface alikuwa Matt Hagen, mwigizaji wa sinema aliyeharibika uso kwa ajali ya gari. Tajiri Roland Daggett anampa krimu iitwayo Renuyu, ambayo ukijipaka unaweza kuufinyanga uso wako utakavyo kwa muda. Hagen anarudi kazini, ila sasa krimu haiachiki. Ili asinyimwe, anamfanyia Daggett kazi chafu, hadi kujigeuza Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe asipovaa barakoa, na kumwingiza mtegoni Lucius Fox, mtu wa karibu wa Wayne kazini. Aliyewahi kumwona mtu anaendelea na mkorogo huku ngozi inamuungua atamwelewa Hagen mara moja. Huyu hana mpango wa kuitawala dunia. Anautaka uso wake, maana ndio uliokuwa unamlisha.

Kuna mahali hadithi inanipoteza. Hagen anakamatwa akiiba krimu kiwandani kwa Daggett, na vibaraka wanammiminia dawa hiyo kwa wingi kinywani. Watu wa kazi ile wana njia nyepesi zaidi za kummaliza mtu kuliko kumwaga mali ya bosi! Mwandishi alihitaji jitu la udongo, akalipata kwa njia ya mkato.

Kisa hiki, "Feat of Clay", kina sehemu mbili. Hadithi na sauti zilitengenezwa Marekani, kazi ya kuchora mwendo ikapelekwa Asia: sehemu ya kwanza ilichorwa na AKOM ya Korea Kusini, ya pili na Tokyo Movie Shinsha ya Japani. Tofauti inaonekana hata kwa mtoto. Katika sehemu ya kwanza mwendo ni mzito, na sura ya mtu yuleyule haifanani sawasawa kutoka picha moja hadi nyingine. Kwenye katuni nyingine ningelipita jambo hilo. Hapa siwezi, kwa sababu katika hadithi ambayo mtu mmoja tu ndiye anayeyeyuka sura, sura za wengine wote lazima zitulie. Zisipotulia, balaa la Hagen linakosa upekee.

Sehemu ya pili inalipa deni lote. Udongo una uzito, unavutika, unadondoka, unarudi mahali pake kwa shida. Akiwa na rafiki yake Teddy, Hagen anagundua kwamba anaweza kujigeuza mtu yeyote, lakini ni kama kukaza msuli: baada ya muda unachoka, naye anaporomoka tena kuwa jitu. Kwangu hapo ndipo anapoaminika, kwa kuwa nguvu zake zina gharama, na gharama hiyo unaiona ikichorwa mwilini mwake.

Halafu inakuja ile vurumai ya studio ya televisheni. Batman anawasha skrini zinazomwonyesha Hagen katika filamu zake za zamani, na mwili unaanza kuzifuata bila ridhaa yake. Itazameni taratibu, mkisimamisha picha. Umbo moja halijakamilika, jingine limeshachomoza kifuani au begani, uso unavutwa huku na huku, na katikati ya yote macho ya njano yanabaki yaleyale. Yote hayo yalichorwa kwa mkono. Mandhari za katuni hii zilipakwa rangi juu ya karatasi nyeusi, ndiyo maana macho yale yanawaka hivyo. Na sauti ya Ron Perlman haimchezei jitu, inamchezea mwigizaji aliyepotezwa na majukumu yake mwenyewe.

Anazivamia skrini, umeme unamkamata. Akikata roho anasikitika kwamba hatasoma wahakiki watakachoandika kuhusu kifo kizuri namna hii. Baadaye Batman anang'amua kwamba maiti ile ni ganda tupu. Wapo wanaosema hiyo ni hila ya kumhifadhi adui kwa ajili ya vipindi vijavyo. Mimi sikubaliani nao. Hagen alijipa nafasi ya mwisho ya kuigiza, akaigiza mbele ya stelingi mwenyewe, na kwa dakika chache Batman mzima akaamini.