Mgeni Asiishie Ngomeni

Kila nikimpeleka mgeni Fort Jesus, ngome yetu ya Mombasa, huwa nasubiri swali moja, na halikosi: "Hapa si ndipo palikuwa jela?" Ndipo. Waingereza waliifanya jela 1895, na jela ikabaki hadi 1958. Lakini huwa naongeza kwamba hata neno gereza tulilipata kwa Mreno, kutokana na igreja, maana yake kanisa. Kanisa lilikuwamo ngomeni, ngome ikaja kuwa kifungo, na Mswahili akavipa vyote jina moja. Ngome ya Kilwa Kisiwani huitwa Gereza mpaka leo. Mreno huyohuyo ndiye aliyetuachia meza, bendera na leso, na ukiniuliza mimi, leso imetufaa kuliko mizinga yake yote.

Mwezi uliopita mgeni wangu alikuwa shemeji kutoka Nakuru, fundi wa kujenga. Mtu wa kazi hiyo haangalii ngome kama sisi. Kijana aliyetuongoza alianza na hadithi zake: ngome ilijengwa kuanzia 1593 hadi 1596, ramani ikachorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. (Hilo la mtu aliyelala husemwa kila mara. Asiyepanda ndege hana budi kuamini.) Akaja kwenye 1631, Sultani Yusuf bin Hassan alipoingia na kumuua kapteni wa Kireno. Akaja kwenye mzingiro wa Waomani, Machi 1696 hadi Desemba 1698, watu wakiishia humo ndani kwa njaa na maradhi. Shemeji akaitikia kwa adabu, huku mkono uko ukutani, anakwaruza kwa ukucha.

"Shemeji, saruji iko wapi hapa?"

Hakuna saruji. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Ngome imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, imejengwa kwa matumbawe, ikashikanishwa kwa matumbawe. Ramani ilitoka Ulaya, ila mwili wake ni wa pwani hii. Kijana wetu hakuligusa hilo kabisa, na simlaumu, kwani hakuna mgeni anayelipia tiketi kuja kusikia habari za chokaa. Hapo ndipo ugomvi wangu na utalii wa Mombasa unapoanzia. Tumeifanya ngome kuwa hadithi ya nani alimnyang'anya nani. Mgeni anashushwa na basi la hoteli, anapigwa picha kwenye mzinga, anatazama vyombo vilivyotolewa kwenye meli ya Santo António de Tanná iliyozama hapo chini 1697, anapanda basi anarudi Nyali. Mji uliokuwapo kabla ya ngome, na ambao ndio sababu ya ngome kujengwa, ameuona kupitia dirisha la basi.

UNESCO iliiweka Fort Jesus kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2011. Kilichoorodheshwa ni ngome na viunga vyake, hekta 2.36 tu. Mji wa Kale umo kwenye karatasi hizo kama eneo la kinga, hekta 31 hivi za kuzuia ngome isije ikasongwa na maghorofa. Ngome iliyojengwa ili iulinde mji usimponyoke Mreno, leo inalindwa na mji huohuo. Sijui nicheke au nilie. Zanzibar ulioorodheshwa ni Mji Mkongwe wenyewe, mwaka 2000. Lamu, mji wenyewe, mwaka uliofuata. Sisi tumeorodheshewa ngome.

Basi nikamtoa shemeji ngomeni nikampitisha Ndia Kuu hadi Kibokoni, kwa shangazi yangu. Njiani aliziona roshani za mbao zilizochongwa, nyingi zao za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zenye mkono wa mafundi wa Kihindi. Aliona pia milango, na mahali pawili ambapo mlango umeng'olewa na kuuzwa, pakatiwa wa chuma. Lakini kilichomshika ni nyumba ya shangazi, nyumba ya zamani kuliko majirani zake. Chumba kirefu kama ukumbi, upana wake hatua nne. Akasimama katikati akainua kichwa.

"Mbona chumba chembamba hivi?"

Nikamwonyesha boriti. Dari imebebwa na miti ya mikoko, na boriti nzuri ya mkoko haizidi sana mita 3. Mti ndio uliompa fundi upana wa chumba. Mwenye mali akitaka nyumba kubwa zaidi, anaongeza urefu, au anaongeza chumba nyuma ya chumba, ndiyo maana nyumba zetu za kale zinakwenda ndani, ndani, mpaka chumba cha mwisho ambako mgeni hafiki. Mbele kuna daka, kibaraza cha mlangoni, hapo mpita njia anapokewa bila kuingia. Ukuta wa ndani una zidaka zilizochongwa kwenye lipu, za kuwekea vyombo na vitabu. Na matumbawe ya kuchongea mapambo hutolewa baharini na kuchongwa yangali mabichi, maana yakikauka yanagoma. Shemeji alipiga picha za dari mpaka simu ikaishiwa chaji. Ngomeni alipiga chache, na moja ni yangu.

Kisha akaiona ile pembe ya ukuta. Miaka kadhaa nyuma shangazi alichoka na lipu inayomwagika, akaita fundi, fundi akapaka saruji. Sasa saruji imetoka vipande vipande na imeondoka na ukuta. Shemeji alieleza mwenyewe bila kuambiwa: ukuta wa chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Ukiufunika kwa saruji, maji na chumvi hukwama ndani na kuula. Kwa hiyo nyumba nyingi hapa zinauawa na watu wanaozipenda, kwa mfuko wa saruji kutoka duka la jirani. Chokaa nzuri ni kazi kuipata, na wanaojua kuichoma, kuizima na kuisubiri iive wanapungua.

Najua jibu la majirani zangu nikisema wageni waletwe mitaani kwetu. Huku ni majumbani kwa watu, watu wanaanika nguo, na mtalii anakuja na kamera mpaka mlangoni. Ni kweli, na ya Lamu tumeyaona, wageni wakinunua nyumba na wenyeji wakihamia pembeni. Lakini nyumba ikiachwa, nayo haibaki kwa mwenyewe. Nyumba ya shangazi ina warithi wengi kuliko vyumba. Hakuna mmoja mwenye pesa za kuitengeneza yote, na hakuna anayekubali kumwachia mwenzake. Mvua ikipata tundu kwenye dari, kesi ya mirathi inaishia kwenye kifusi.

Ninachotaka si hoteli. Nataka tiketi ya ngome iwe na sehemu ya pili inayomtoa mgeni kwa miguu hadi nyumba moja ya Kiswahili iliyotengenezwa, kama ile ya makumbusho kule Lamu, na pesa za sehemu hiyo ziende kwenye chokaa, boriti na ujira wa mafundi vijana. Waongozaji wafundishwe ujenzi kama walivyofundishwa majina ya makapteni. Wenye nyumba wenyewe waamue mtaa upi uingiwe na saa ngapi. Hata ndani ya ngome tunaweza kuanza kueleza ujenzi, kwani Nyumba ya Omani iko pale juu, na wageni wengi huikimbilia kwa ajili ya kivuli na mandhari ya bahari.

Tulipokuwa tukiaga, shangazi alitutia mahamri kwenye mfuko, akamtazama shemeji ambaye bado shingo ilikuwa juu.

"Mwanangu, ukija tena njoo na chokaa. Picha zinatosha."